Herufi Zivue Viatu Mlangoni

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, ila siwezi kulitaja. Si kwamba naogopa. Mimi na woga wapi na wapi. Jina lenyewe lilipelekwa kwenye Kamati ya Kuchagua Herufi za Kuandikia Jina la Nchi, na mpaka naandika haya halijarudi. Wananchi wake hawana neno. Wakiulizwa mpakani wanatoka wapi, hunyoosha kidole nyuma yao, na maafisa wa nchi jirani huwatazama kwa huruma, wakawagongea muhuri wapite.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sihaba Matano, msanifu wa vitabu katika Kiwanda cha Uchapaji cha Taifa. Watu hudhani kitabu kina mwandishi na msomaji tu. Katikati yao yuko mtu wa tatu, anayeamua ukurasa uachiwe nafasi kiasi gani pembeni, mistari ipishane vipi ili ivute pumzi, na herufi ziwe za sura ipi. Akiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna atakayejua kwamba yupo. Bi Sihaba alikuwa hajulikani kabisa, na alikuwa anaishi na raha zake.

Raha hiyo ikaharibiwa na heshima. Mlezi wa Taifa alikuwa amemaliza kuandika maisha yake, au niseme walioajiriwa kuyaandika walikuwa wamemaliza, na kitabu kikapelekwa kwa Bi Sihaba akisanifu. Kiliitwa *Nilivyowavumilia*. (Mlezi ndiye aliyekuwa rais wa huko. Cheo cha rais kilifutwa baada ya kugundulika kwamba rais huwa na kipindi, ilhali mlezi hana.)

Sasa basi, wakati heshima hiyo inaingia, binti wa pekee wa Bi Sihaba, Raya, aliyeolewa mji wa mpakani, alikuwa na mimba yake ya kwanza, nayo imekwisha kuwa nzito. Kwa desturi ya kwao, mama humwendea bintiye kabla hajajifungua. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, hukaa naye mpaka arobaini itimie. Sanduku la Bi Sihaba lilikuwa limefungwa tayari, na ndani yake mlikuwa na kanga za kumkazia mzazi tumbo na kopo la samli.

"Mama, usinichelewee," Raya alimwambia kwenye simu. "Mimi naogopa, wallahi."

"Nakuja, mwanangu. Nachagua herufi tu, nakuja."

*

Bwana Chambuso, mkurugenzi wa Kiwanda, alikuwa mtu mwema ambaye maishani mwake hajawahi kumwambia mtu hapana, hasa mtu aliye juu yake. Aliitisha kikao. Walikuja waziri wa utamaduni, jenerali mmoja, na wajumbe wengine waliofuata sambusa. Bi Sihaba aliwapa kila mmoja kurasa mbili za mfano, maneno yaleyale kwa sura mbili za herufi.

"Zinafanana," akasema jenerali.

"Zinafanana mno," akasema Bwana Chambuso.

"Hazifanani, waheshimiwa. Tazameni huku chini, miguuni pa herufi. Hizi zina vimstari vidogo vinavyozimalizia. Sisi mafundi twaviita serifu. Kitabu kikiwa kirefu, husaidia jicho lishike mstari lisichoke. Hizi nyingine hazina."

Wakainamisha vichwa, wakatazama. Waziri wa utamaduni, mama wa makamo mwenye pete kila kidole, aliusogeza ukurasa karibu na pua, akausogeza mbali, kisha akaugeuza nyuma kuona kama kumeandikwa jibu. Bi Sihaba akakumbuka basi la mpakani, ambalo halimsubiri mtu. Akatafuta njia ya mkato.

"Ni kama viatu, waheshimiwa. Hizi zimevaa viatu, zile ziko pekupeku."

Mdomo uliponza kichwa. Kikao kizima kiliinua uso.

"Pekupeku!" jenerali akapiga meza. "Maisha ya Mlezi yatembee pekupeku mbele ya mataifa?"

"Aibu," akasema Bwana Chambuso.

Viatu vikapitishwa palepale bila mjadala, na mjadala ukahamia kwenye viatu gani, maana baada ya hapo kila mtu alikuwa mtaalamu. Jenerali alizipenda herufi nene zenye nyayo za mraba. "Hizi zina mabuti," alisema, machozi yakimlengalenga. Waziri akazitaka nyembamba, zinazoishia kwa vimstari mithili ya unywele; hizo, alisema, zimevaa visigino.

"Zinapendeza, mheshimiwa," akasema Bi Sihaba, "lakini kwa karatasi hii yetu, wino ukififia kidogo tu vimstari vinapotea."

"Yaani kisigino kinavunjika?"

"Tuseme hivyo."

Yeye mwenyewe alikuwa na chaguo lake, sura ya zamani ambayo mguu wa herufi hujipinda kidogo kabla ya kukanyaga mstari, bila ukali na bila mbwembwe. Akaiita makubadhi. Ikashinda, kwa kuwa jenerali na waziri kila mmoja aliona ni afadhali ashindwe na Bi Sihaba kuliko ashindwe na mwenzake. Bwana Chambuso, aliyekuwa amekubaliana na wote watatu, alipongezwa kwa uongozi.

Bi Sihaba akatoka mbio kukata tiketi.

*

Mlezi alipoarifiwa kwamba maisha yake yamevikwa makubadhi, alifurahi kupita kiasi, na furaha ya kiongozi katika nchi ile ilikuwa na tabia ya kuwa sheria. Jioni akahutubia redioni.

"Ndugu wananchi! Taifa lililosimama haliwezi kusimama pekupeku! Kuanzia sasa, chochote kitakachoonekana nje, kiwe mtu, iwe herufi, kiwe na viatu! Sisemi mara mbili! Nasema tena: viatu!"

Ndiyo ikawa Amri ya Viatu. Mafundi wa mabango walitajirika kwa kuivika miguu KINYOZI na CHIPSI ZIPO. Wakulima wa mpunga waliingia matopeni na viatu vya ngozi, wakatoka bila viatu, wakakamatwa. Kijana mmoja aliyeandika jina la mchumba wake ukutani kwa mkaa alishitakiwa kwa makosa mawili: kuchafua ukuta, na kuuchafua pekupeku.

Bi Sihaba aliyasikia hayo akashika tama. Alichotaka yeye ni jicho la msomaji lisichoke, basi. Lakini amri haikumhusu sana, alijiambia. Miguuni alikuwa na makubadhi mazuri ya ngozi, Raya alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kilichobaki ni kukifikisha kitabu Kasri, Mlezi akitazame, akubali, kisha yeye aondoke zake.

*

Katika Kasri la Mlezi, kama katika nyumba yoyote ya watu wenye adabu, mgeni huvua viatu mlangoni. Desturi hiyo ni nzuri na hata mimi naifuata. Bi Sihaba akavua makubadhi, akatia mguu ndani. Askari wa mlango akayaokota upesi, akayapanga kwenye rafu iliyo upande wa pili wa baraza, maana viatu vya watu wa chini haviachwi vikizagaa kizingitini.

Ndani alipokewa na Mkuu wa Itifaki, Bwana Shekue, mtu mrefu aliyekuwa akinong'ona hata akisalimia. Akakifungua kitabu kwa glavu nyeupe. Akainama. Akanyanyuka polepole.

"Bibi wee. Hizi herufi zina viatu."

"Naam. Ni amri ya Mlezi mwenyewe."

"Amri ile ni ya nje. Hapa ni ndani. Mawaziri wanavua, mabalozi wanavua. Hii alifabeti ni nani?"

"Basi nitachapa nakala nyingine isiyo na viatu. Hiyo ikae ndani, hii ikae nje."

Bwana Shekue akatazama huku na huku. "Punguza sauti. Maisha ya Mlezi ni mamoja. Ukichapa mawili watu watauliza yapi ndiyo. Kitabu ni hikihiki, na kiingie kama mtu anavyoingia."

"Kiingieje, na kimekwisha kuchapwa?"

"Wewe ndiye uliyezivika. Zivue."

Akaonyeshwa chumba chenye meza, taa na kasha la nyembe. Kazi ilikuwa kukwangua vimstari vile, mguu mmoja baada ya mwingine, herufi baada ya herufi, kuanzia Dibaji mpaka Shukrani, ambamo Mlezi alijishukuru. Bi Sihaba akacheka, akidhani ni mzaha wa wakubwa. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaomba ruhusa ya kwenda mpakani kwanza, amuuguze bintiye, arudi.

Bwana Shekue alimsikitikia, tena kwa dhati. Akamweleza. Mguu ulio pekupeku hauruhusiwi kukanyaga nje, kwa Amri ya Viatu. Kiatu hakiruhusiwi kuingia ndani, kwa Itifaki. Makubadhi yake yalikuwa nje, miguu yake ilikuwa ndani, na katikati yake palikuwa na baraza.

"Si huyo askari aniletee tu hapa kizingitini?"

"Huyo ana amri ya kupanga. Amri ya kurudisha ni ya askari mwingine."

"Yuko wapi?"

"Hajaajiriwa."

"Na mawaziri hutokaje?"

"Hubebwa mgongoni na askari wa nje. Mguu usiogusa ardhi haukuvaa wala hauko pekupeku. Hilo liliamuliwa zamani. Lakini anayebeba sharti awe chini ya anayebebwa." Akakohoa kwa haya. "Na chini ya msanifu wa vitabu, bibi, tumetafuta, hakuna cheo."

*

Akawa amefungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi mchana kutwa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kufuli. Kutoka dirishani aliyaona makubadhi yake kwenye rafu, ngozi ikijikunja kwa jua, na akajikuta akiyaonea wivu kwa kuwa yako nje.

Palikuwa na simu kwenye meza ya walinzi, na jamaa aliruhusiwa kupiga.

"Mama, uko wapi? Uchungu umeanza."

"Niko njiani, mwanangu." Alikuwa amesimama miguu mitupu juu ya zulia, wembe mkononi. "Njiani kabisa."

Raya alizaa bila mama yake. Alikandwa na jirani, mwanamke mwenye mikono mizito, akanywa uji uliopikwa na mume wake, ambaye alitia sukari badala ya pilipili manga. Mtoto alikuwa wa kike.

"Nimempa jina lako," Raya alisema. "Njoo umwone somo wako. Mama? Mama, mbona unalia?"

Bi Sihaba alirudi chumbani akalikwangua neno *nilijitolea* mpaka karatasi ikatoboka. Alimchukia Mlezi, akamchukia Bwana Shekue, kisha akajichukia mwenyewe na ulimi wake. Angesema ni kama mikia! Angesema ni kama kope! Nani angeitungia kope sheria? Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Arobaini ikatimia bila yeye. Mtoto akaanza kukaa, akaanza kutambaa. Kila Bi Sihaba alipokaribia ukurasa wa mwisho, Bwana Shekue alinyata akaleta sura mpya ya kitabu, imetoka kiwandani na viatu vyake, kwa kuwa wakati wote huo Mlezi alikuwa anaendelea kuishi. Alifungua daraja, likaandikwa. Daraja likaanguka, likaandikwa jinsi alivyolivumilia.

*

Ndipo Bi Sihaba alipoamua kukosea kwa makusudi.

Itifaki ilikuwa imekataza jina wala picha ya Mlezi isikae ukurasa wa kushoto, maana mkubwa hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Hivyo, kwa kuwa hapakuwa na ukurasa usiomtaja, kurasa zote za kushoto za kitabu kile zilikuwa tupu, nacho kikawa kinene kama tofali. Bi Sihaba akachukua picha kubwa ya Mlezi, akaibandika ukurasa wa kushoto, na chini yake akaliandika jina lake kwa herufi kubwa. Kisha akakaa kusubiri kutupwa nje. Alikuwa ameshapiga hesabu yake: mtu anayetupwa hagusi ardhi mpaka amekwisha kufika.

Hakutupwa. Aliitwa.

Mlezi alikuwa mzee mfupi mwenye miguu midogo, ameketi peke yake katika ukumbi ambao ungetosha soko. Kitabu kilikuwa wazi magotini mwake. Akawaamuru wote watoke, hata Bwana Shekue.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mlezi."

"Marahaba, mama. Nani amekwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usinifiche. Nani amekwambia kwamba mimi ni mashoto?"

Mzee akauinua mkono wake wa kushoto, akautazama kama mtu anayetazama ndugu aliyepotezana naye.

"Nilipokuwa mdogo walinifunga huu kiunoni kwa kamba ya katani kila tunapokula. Bibi yangu ndiye aliyefunga. Mpaka leo nasaini sheria kwa mkono wa watu. Ndiyo maana nyingine haziko sawa." Machozi yakamtoka, nayo yalikuwa machozi ya kweli. "Wasanifu wote waliniweka kulia. Wewe peke yako umeniweka ninapokaa."

Bi Sihaba alimhurumia. Hakupenda, lakini alimhurumia, na kwa huruma hiyo akaona mlango. "Mheshimiwa, nami nina ombi. Nina mjukuu, sijamtia machoni..."

Lakini Mlezi hakuwa na mazoea ya kusikia sentensi za watu mpaka mwisho. Alikwisha kupiga kengele.

"Shekue! Huyu mama asitoke hapa kamwe."

Alipewa cheo cha Mvuaji na Mvikaji Mkuu wa Herufi, cha maisha. Bi Sihaba hakujali jina. Alikimbia mpaka mlangoni akamshika Bwana Shekue mkono. "Sasa nina cheo! Askari yuko chini yangu. Anibebe!"

"Hongera sana," akanong'ona Bwana Shekue. "Lakini Mlezi amekwambia jambo, na sote tumelisikia kutoka nyuma ya mlango, ingawa hatujui ni nini. Wewe sasa ni siri ya taifa. Siri haitolewi nje."

*

"Unasikia, Mama?" Raya alisema kwenye simu siku moja. "Sikiliza vizuri."

Kwa mbali ilisikika *pwii*. Kimya. Halafu *pwii, pwii*, na kitu kikaanguka, na watu wakapiga makofi.

"Ni nini hicho?"

"Viatu vyake, vile vya mlio. Kapiga hatua, Mama! Mbili!"

Bi Sihaba akaikandamiza simu sikioni mpaka sikio likauma. Kitabu kikikosewa hutolewa toleo la pili. Hatua ya kwanza ya mtoto haina toleo la pili, na yake yeye ilikuwa imempita kwa njia ya waya, kwa sauti ya mpira. Alirudi mezani. Akakwangua.

Mwishowe, baada ya mtoto kujua kutembea, kukimbia na kuuliza maswali, Mlezi alipatwa na mafua, akakaa kitandani bila kutenda lolote, na wembe ukaipata sura ya mwisho. Kitabu kikawa pekupeku chote. Ikatangazwa siku ya uzinduzi. Utafanyika barazani, mbele ya mabalozi, na jamaa za wafanyakazi wote waje kupiga makofi. Kuhudhuria ni hiari, tangazo lilisema, na wasiohudhuria wataandikwa.

Siku ikafika. Bendi ikapiga. Mlezi akabebwa mgongoni mwa jenerali mpaka kwenye kiti chake cha nje, mawaziri wakabebwa na askari, na kitabu kikaja nyuma yao juu ya sinia la fedha, kimebebwa na Bwana Chambuso, aliyekuwa amekubali kulibeba. Kilipofika kizingitini, Bwana Shekue akarukia mbele mikono miwili juu.

"Viatu!"

Bendi ikanyamaza. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ndani kitabu kilitakiwa pekupeku, kikawa pekupeku. Sasa kinatoka nje. Kingepita hivyo kilivyo, maisha ya Mlezi yangekuwa yamevunja amri ya Mlezi mbele ya mabalozi.

"Avike," akasema Bwana Shekue.

Bi Sihaba akaketi kizingitini, miguu ndani, sinia mbele yake, kalamu mkononi, akaanza kuvika. Neno la kwanza la Dibaji lilikuwa *Mimi*. Jua likapanda. Mlezi, ili asipoteze wakati, akahutubia juu ya subira ya wananchi, akahutubia mpaka subira yake mwenyewe ikamwishia, akasinzia. Mawaziri wakasinzia kwa mshikamano. Wimbo wa taifa ulipigwa kila watu walipoanza kujikuna. Bi Sihaba alikuwa hajamaliza hata ukurasa, kwa sababu kila mara aliinua macho kuwatafuta watu wawili katika umati ule.

*Pwii, pwii, pwii.*

Akawaona. Raya alikuwa anapita katikati ya viti vya mabalozi kana kwamba anapita sokoni, na mtoto amemshika kanga. Mwanangu amenenepa, Bi Sihaba akawaza, amekuwa mtu mzima, na mimi sipo. Mtoto alikuwa na paji la uso la marehemu babu yake.

"Mama. Twende nyumbani."

"Siwezi, mwanangu. Miguu yangu..."

"Nimekwisha kusikia habari za miguu. Nimezisikia kwenye simu tangu tumbo liko hapa." Raya akageuka, akampa mgongo, akachutama. "Panda."

"Sharti cheo..."

"Mimi sina cheo. Panda, Mama."

Bwana Shekue alikuja mbio kwa ncha za vidole. "Haiwezekani! Anayebeba sharti awe chini ya anayebebwa!"

Raya hakuinuka. Alimtazama tu kwa juu ya bega. "Na mtoto yuko wapi kwa mama yake, baba? Juu au chini? Au hapa kwenu desturi hiyo hakuna?"

Bwana Shekue naye alizaliwa na mwanamke, na katika Itifaki yote aliyoihifadhi hapakuwa na kifungu cha kumjibu. "Lakini ni siri..." alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikasikika.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha Mlezi. Akafumbua macho, akamwona Bi Sihaba juu ya mgongo wa bintiye, kalamu ingali mkononi, anakwenda. Sijui aliota nini. Najua alichofanya, kwa maana umati wote ulikuwa unatazama: aliuinua mkono wake wa kushoto, juu kabisa, akampungia kwaheri. Mabalozi waliona, mawaziri waliona, bendi iliona. Kisha kila mtu, kama desturi ya nchi ile ilivyo, akawa hakuona.

*

Jioni Kasri lilitoa tamko. Kwa kuwa mguu wa Bi Sihaba Matano haukuvuka kizingiti, ukiwa umevaa au ukiwa mtupu, Bi Sihaba hakutoka. Yumo, anaendelea na kazi, na ana afya njema. Mpaka leo makubadhi yake hupanguswa vumbi kila asubuhi, na akienda zahanati ya mji wa mpakani na homa yake huambiwa arudi Kasrini akatibiwe, kwa kuwa ndiko aliko. Yeye hujibu hewala, akaenda kwa jirani mwenye mikono mizito. Kitabu hakijazinduliwa. Kipo kizingitini juu ya sinia, nusu ukurasa na viatu, kurasa nyingine zote pekupeku, nacho hakiwezi kutoka wala kurudi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule Raya alipita getini na mama yake mgongoni, akashika barabara ya kituo cha mabasi, na hakuthubutu kumshusha, kwa sababu nje ni nje na amri ni amri. Jasho lilimtiririka. Bi Sihaba alikuwa ameegemeza shavu kwenye shingo ya bintiye, analia na kucheka kwa zamu, na watu wenye viatu vyao waliwapisha bila kuuliza. Kando yao mtoto alitembea kwa miguu yake mwenyewe, *pwii, pwii*, akimtazama bibi kizee huyu mgeni aliyebebwa kama mtoto mchanga. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka swali likamshinda.

"Mama, kwani Bibi hajajua kutembea?"

"Bado," akasema Raya. "Walimchelewesha."